Tramu Iliyodhaniwa Imekufa

Jumapili baada ya ibada nilipanda ile tramu ya zamani ya hapa Dallas pamoja na baba wawili Wakongo waliovaa suti. Mwisho wa reli ikasimama. Dereva, mzee mstaafu anayejitolea, akachomoa mpini wake wa kuendeshea, akatembea kuelekea nyuma.

"Imekufa," baba mmoja akamwambia mwenzake, akivua koti. "Papa, tushuke tusukume."

Wakashuka, wakaweka mabega nyuma ya tramu, wakasukuma. Kumbe tramu hii haigeuzwi. Huendeshwa kutoka mbele au nyuma. Dereva akachomeka mpini huko nyuma, akachungulia kiooni, akawaona wawili wanatokwa na jasho kwa ajili yake.

Alicheka hadi machozi, akawapandisha, akawaachia kengele. Waliipiga njia nzima.

Mimi naijua tramu hiyo miaka yote, na kengele yake sijawahi kuigusa.