Nilivyomsahihisha Bi Mkasi mpaka maneno yake yakawa yangu

Wakuu, heshima kwenu.

Niliwahi kusahihisha makala ya mtu mpaka ikawa haina maana tena, na wakati nnafanya hivyo nilikuwa nnajisifu. Ujinga wenyewe ndio huo. Nimeutoa mapema ili mwenye kutaka kucheka aanze.

Nnayoyaandika ni kweli tupu. Majina tu nimeyabadilisha, watu wana watoto na wajukuu, na mie bado nnapenda kusalimiwa njiani.

Kilichonichokoza ni uzi mmoja humu, watu wanawacheka wa shamba namna wanavyosema. Na mie nikacheka. Kisha nikaona haya, nikaizima simu.

Haya sasa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nnakaa Malindi, hapa Unguja mjini, kwa mama, na mie ni mtu wa ndani tokea utoto. Wenzangu wakenda mpirani, mie nipo dirishani na gazeti la zamani nalisoma mara ya pili. Nilikuwa nimemaliza sekondari, Kiswahili nimepata alama nzuri, na alama hizo nikatembea nazo kama kofia mpya.

Nikapata ukarani kwenye jarida dogo la utafiti wa lugha. Si gazeti la habari, jarida la wasomi. Makala inaletwa, wajumbe wa halmashauri wanaisoma, wakiikubali inachapishwa na jina la mwandishi juu. Mie kazi yangu kupiga taipu kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, na kunyoosha Kiswahili.

Kunyoosha. Ndilo neno tulilokuwa tukilitumia, kama vile watu wote wengine wamepinda.

Wajumbe walikuwa wanaume watupu, wa mjini watupu, wamesoma chuo kimoja na kuoleana dada zao. Mwenye sauti kubwa alikuwa Maalim Saleh, mwenyekiti. Mhariri alikuwa Ndugu Hamad, mpole, lakini ndiye aliyewaganda wenziwe kwamba jarida la lugha ya Unguja haliwezi kuandikwa na mtaa mmoja. Akawaganda mpaka wakakubali tutoe tangazo: wananchi wote, wake kwa waume, wa mjini na wa shamba, walete makala zao.

Tangazo nililipiga mie. Herufi kubwa. Likapendeza.

Ikaja makala moja tu. Mwandishi Bi Mkasi, mwalimu wa skuli huko kaskazini, Mtumbatu, mtu wa kisiwa cha Tumbatu. Alilinganisha maneno ya mjini na ya Kitumbatu, wapi yanakutana, wapi yanaachana na kwa nini. Wajumbe wakaikubali, Maalim Saleh kwa shingo upande. Yeye aliona afadhali bibi huyo atoe maneno tu, kuandika aandike mwenye uzoefu. Ndugu Hamad akasema tuone hii kwanza.

Na hapo ndipo penye uzito wake. Bi Mkasi alishaarifu kuwa anayo ya pili, kubwa zaidi, juu ya misemo ya wanawake wa Tumbatu, amekaa nayo miaka. Hii ya kwanza ikenda vizuri, ya pili itapokewa kwa jina lake. Isipokwenda vizuri, basi.

Wakaniletea mie niinyooshe.

Nikakaa na kalamu nyekundu. Nikikutana na neno la Kitumbatu, naona kosa. Wallahi naona kosa, kama unavyoona nzi kwenye maziwa. Nalinyoosha. La pili, kosa tena. Nikawa namuonea huruma, maskini, mwalimu mzima. Nikapiga stensili, nakala zikatoka, zikagaiwa.

Hebu someni kilichochapishwa:

"Watu wa mjini husema amekuja, ilhali Watumbatu husema amekuja. Tofauti hii ni kubwa."

"Wazee wa Tumbatu hawalipendi neno mwanamke. Wao husema mwanamke."

Makala nzima imekwenda hivyo, wakuu, mpaka mwisho, na hitimisho linasema msomaji bila shaka ameshaona utajiri wa tofauti hizo.

(Yale maneno yake ya asili msiniombe niyaandike hapa. Nshayaharibu mara moja, yatosha.)

Halmashauri ikakutana. Mie nipo pembeni na birika la chai. Maalim Saleh akaisoma kwa sauti, taratibu, anapumua mahali penyewe hasa pa kuchekesha. Wenziwe wakacheka, mmoja akafuta machozi. Makala ya mkono aliyoileta Bi Mkasi mwenyewe hakuna aliyeiulizia, ilikuwa kwenye faili mezani kwangu.

"Si niliwaambia?" akasema Maalim. "Hawa watoe maneno. Kuandika watuachie sisi."

Ndugu Hamad hakucheka. Akanigeukia, akaniuliza kama ndivyo makala ilivyoletwa.

Nilikuwa nshaelewa zamani nilichokifanya. Nilielewa Maalim alipofika mstari wa pili, chai ikanimwagikia kidoleni, nami nikaendelea kumimina.

Nikajibu: "Ndivyo, ndugu."

Wakapitisha kwamba ile ya pili, Bi Mkasi akitaka, atoe maneno yake, na atatafutwa mtu wa mjini wa kuyaandika.

Siku chache baadaye Bi Mkasi akaja ofisini mwenyewe, nakala mkononi. Nilikuwa peke yangu. Nilitarajia ugomvi, nikasimama nyuma ya kiti. Badala yake akasalimia, akaniuliza hali ya mama yangu ambaye hamjui, akaketi, akaufungua ukurasa.

"Kaka yangu, mie niliandika maneno mawili mawili. Moja lenu, moja letu. Letu limekwenda wapi?"

Nikamwambia nililisahihisha.

Akanitazama. "Ulidhani nimekosea kila mstari?"

Nikaanza kupanga karatasi mezani, maana ndivyo nilivyodhani.

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. Akanieleza kuwa walimu wenziwe wanamwita "Bi Amekuja". Na baba yake, aliyesaidia kuyahakiki maneno yale, amesomewa makala, kisha akaomba asomewe tena.

Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka jambo moja: toleo linalofuata liandike kuwa maneno yalibadilishwa na karani, ili wajumbe wajue hakuandika vile, na makala yake ya pili wasimpe mtu. Nikamuahidi. Nikamsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote. Kwa adabu sina mpinzani.

Masahihisho nikayaandika. Yalisema hivi: "Kutokana na makosa ya mashine, baadhi ya maneno katika makala ya Bi Mkasi hayakutoka kama alivyoyaandika."

Mashine.

Yakachapishwa ukurasa wa mwisho, chini. Maalim Saleh akasema makosa ya chapa ni jambo la kawaida, lakini lililopitishwa limepitishwa. Ndugu Hamad akanitazama kidogo zaidi ya kawaida. Nikaenda kuchemsha chai.

Makala ya pili ikatoka baada ya muda, kwa maneno ya Bi Mkasi. Juu jina la bwana mmoja wa mjini. Chini kabisa, herufi ndogo, shukrani kwa "mwalimu mmoja wa kaskazini".

Stensili niliipiga mie. Na hili ndilo linaloniumiza mpaka leo: maneno ya Kitumbatu yalijaa mule, ya aina ile ile, na safari hii kalamu nyekundu haikugusa hata moja. Jina la juu lilikuwa la mtu wa kwetu, basi sikuona kosa.

Bi Mkasi hakuleta kitu tena. Mie nikabaki kazini, hata nikapandishwa cheo.

Nilichojifunza ni kidogo, nnakitoa kilivyo. Kuandika "karibuni nyote" ni kazi ya taipu, hata mie niliiweza. Kazi ni yule aliyekaribishwa akifika na maneno yake, yakakuta mtu wa kuyasoma ambaye hadhani kila asichokijua ni kosa. Na mezani pakiwa watu wa namna moja, hata mpole kama Ndugu Hamad huishia kuuliza swali, akajibiwa uongo na karani, yakaisha.

Wenye majarida na vyuo leo mtuambie kama mambo yamebadilika. Na wa shamba mliowahi kunyooshwa, semeni. Mkitaka kunitukana nipo nyumbani, sitoki.

Moja nililibakisha. Kabla sijayapeleka masahihisho yale kuchapwa, nilimsomea Bi Zuhura, jirani yetu wa chini, mshoni, ambaye kisa chote nshamhadithia, nikitaraji sifa kwa Kiswahili kilivyonyooka. Alikuwa na pini mdomoni. Akaitoa, akaniambia, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Mashine haijui nani wa shamba nani wa mjini, Kassim. Anayejua ni wewe. Liandike jina lako."