Goti la Mtu wa Kuja

Nilizaliwa Bunia, Kongo, nikaondoka pale mapigano ya utotoni mwangu yalipotulia na kabla haya ya sasa hayajaanza. Katikati hapo ndipo nilipovuka mpaka na viatu vyangu vya mpira. Watu husema mpira ndio ulionileta Uganda. Uongo mtupu. Njaa ndiyo iliyonileta. Mpira ulinilipia nauli tu.

Jinja nilichezea timu ya wanajeshi. Mimi si mwanajeshi, sijawahi kushika bunduki, lakini nilijua kufunga, na washambuliaji wao walikuwa wazito kama magunia ya mahindi. Nikapanga chumba Kimaka. Kocha wetu, sajini mmoja kutoka kaskazini, alikuwa na sheria zake. Ukipoteza mpira kizembe, hakuna mazungumzo: unachuchumaa, unashika masikio, unaruka kichurachura mpaka aseme basi. Baadaye hatukungoja hata amri. Akifoka tu, miguu inashuka yenyewe, na wenzako wanakucheka.

Sasa niwaambie siri ya timu ile, ambayo si siri hata kidogo. Wenzangu wote, miguu ikiisha, jeshi liliwaandikisha kazi. Winga wetu leo ni dereva wa mkubwa mmoja. Kipa yuko stoo, anagawa mablanketi na kunenepa. Hakuna kati yao aliyeogopa kuumia. Mimi niliogopa kila mechi.

Goti la kulia lilipoanza kuvimba nilimfuata sajini, nikamsihi aniombee hata kazi ya jikoni. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko matusi yake yote.

"Mimi napenda wewe, bwana," akasema. "Lakini wewe si mtu ya hapa. Jeshi haiwezi kuandika mtu ya Kongo."

"Kufunga mabao naweza, kukata vitunguu siwezi?"

"Wewe wacha maneno mingi."

Msimu ulipokwisha wakaniaga kwa soda na makofi.

Nikaenda Mbale, ambako timu moja ya mjini ilikuwa inatafuta mshambuliaji. Mkongomani mwenzangu, fundi cherehani, alinilaza sakafuni kwake Nkoma. Kule nyumbani bunduki zilikuwa zimeanza tena kulia. Mama alikuwa anakimbia kijiji hadi kijiji, na kila alipopata simu ya kuazima aliniuliza jambo moja tu: nimeshapata timu? Nikipata, nitakodi chumba, nimlete. Kwa hiyo goti lile halikuwa langu peke yangu.

Siku ya majaribio nililifunga kwa kitambaa, nikavuta soksi ndefu juu yake, nikajitia hamnazo. Nikacheza, jamani! Nilifunga bao la kichwa, na beki wao mmoja nilimzungusha mpaka akacheka mwenyewe. Kocha, mzee mwembamba wa Kimasaba, alikuwa ananong'ona na msaidizi wake huku akinionyesha kidole. Niliona. Nikafurahi kijinga, nikaanza kufikiria ni upande gani wa Nkoma ungemfaa mama.

Halafu nikapoteza mpira. Kosa dogo, la kawaida. Mzee akapaza sauti kutoka pembeni, "Eeh, wewe! Angaria mpira!"

Naapa sikuamua. Mwili ulichuchumaa, mikono ikashika masikio, nikaruka. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Niliporuka tena, kitu kilikatika ndani ya goti, nikaanguka ubavu, nikalia machozi mbele za watu. Maumivu yalikuwepo, ndiyo, lakini nililia zaidi kwa hasira: mtu mzima na ndevu zangu, najiadhibu mahali ambapo hakuna aliyeniadhibu!

Mzee alikuja mbio, akapiga magoti, akateremsha soksi, akakiona kitambaa. Laiti angenigombeza. Hakunigombeza.

"Nani narifundisha wewe kuruka hivyo?" akauliza.

"Jeshini. Jinja."

Pale pale uso wake ukalegea, akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kumbe wewe ni afande! Basi wewe iko na bahati. Hawa yangu wakivunjika hapa, wanarudi kurima tu. Wewe rudi kwa kambi, watakupa kazi ya kukaa."

Wachezaji waliotuzunguka wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja, naapa, alinionea wivu. Ningeweza kumwambia ukweli yule mzee, lakini angefanya nini nao? Goti lilikuwa limekwisha, na mimi nalo, na mama huko aliko alikuwa bado hajajua.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Akanipiga bega, akanivua fulana ya mazoezi kwa upole, akamrushia mshambuliaji mwingine aliyekuwa anasubiri zamu yake.