Mwenye Nyumba Huonja Kwanza

Kipindupindu kilipoingia vijiji vya ziwani, mimi, bwana afya wa Musoma, nilizunguka na kipaza sauti mpaka koo likakauka. Kijijini kwetu Suguti nilihubiri dawa ya maji kila uwanja, na nyumba iliyonishinda kabisa ilikuwa ya mama yangu mzazi. Alichota ziwani akanywa hivyo hivyo. Ya dawa, alisema, yananuka kama shuka za hospitali. Majirani walimtazama yeye: kama mama wa bwana afya hanywi, wao ni nani? Rafiki yake wa jumuiya alikuwa ameshalazwa. Nilikuwa nashtuka kila simu ilipoita, nikiogopa sasa ni zamu ya mama.

Ndipo tukaletewa mtaalamu kutoka Kongo, muuguzi aliyepambana na kipindupindu kwao tangu ujana. Nilitegemea semina ndefu. Aliuliza tu ni nani amenishinda. Nilipomtajia, alicheka mpaka akashika mlango wa gari, akasema yeye kwao alishindwa na shangazi yake. Tukaondoka.

Mama alimpokea kwa vigelegele, jambo ambalo mimi na kipaza sauti changu hatujawahi kuliona. Mgeni akaomba ruhusa, akatia dawa kwenye ndoo ya maji, akaifunika, kisha akakaa kula furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga huku akisimulia habari za watoto wake. Dawa ilipokwisha kufanya kazi, akachukua majagi mawili masafi, akawa anamimina maji kutoka hili kwenda lile kama muuza chai anayepoza. Alieleza kwamba hewa hupunguza ile harufu. Mimi nililijua hilo tangu chuoni, ila sikuwahi kulifanya mbele ya mtu.

Alipomaliza, akamkabidhi mama jagi kwa mikono miwili.

"Mama, niko na kiu. Unipe mayi."

Mama akajaza kikombe, akamnyooshea. Mgeni hakupokea. Alibaki anatabasamu, kichwa kimeinama kwa adabu. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza ndipo ampe mgeni, iwe togwa iwe pombe, kuonyesha kwamba ndani hamna ubaya. Kumbe na kwao ni vivyo hivyo. Majirani waliokuwa uani wakaanza kuguna na kuziba midomo.

"Umenipata, mwanangu," mama akasema.

Akaonja. Akaonja tena, akaendelea mpaka kikombe kikaisha na mgeni akabaki na kiu yake. Uani walicheka wakashikana mabega. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, wala sikuyafuta. Jioni ile kila nyumba ilikuwa na mtu anayemimina.

Miezi ikapita, mgeni akiwa amesharudi kwao, ugonjwa ukaibuka kijijini kwake. Akapiga simu, na hakunitafuta mimi, alimtaka mama. Alikuwa amekaa na wazee waliogomea dawa, ameweka simu kwa sauti kubwa wasikie wote. Mama akafunga kitenge vizuri, kana kwamba wanamwona.

"Hata mimi nilikuwaga nakataa," akawaambia. "Mtoto wangu alikujaga na kipaza sauti, nikamfukuza. Huyo wenu alikuja na kiu. Mpeni maji, ila muonje kwanza."