Kadi za Natalia

Watu wa soko la Mpanda walimjua Natalia kama mwenye duka la madaftari. Wachache walijua kwamba kabla ya duka alishapita kazi mbili, na kwamba kote huko alikuwa akitunga michezo.

Alianzia kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni huko Tabora, akisahihisha makosa ya chapa. Gazeti la misheni likibaki na nafasi tupu, yeye aliijaza kwa chemshabongo. Ikafika mahali wasomaji wanafungua ukurasa ule kabla ya mahubiri. Ndipo chuo cha ualimu kikamwita akawaonyeshe walimu jinsi ya kufundisha kwa michezo. Alidumu huko mpaka alipokuja mkuu mpya, akalifuta somo lake: watoto huenda shule kusoma, si kucheza. Natalia alipanda treni akarudi nyumbani Mpanda, akafungua duka mwaka 1994.

Wateja wakipungua, alichora mchezo wake mkubwa. Unarusha dadu, unasogeza kete kutoka shambani hadi sokoni, na kila kituo unaokota kadi ya kukupeleka mbele au kukurudisha nyuma. Ulipokamilika, alimwita jirani yake wa mtaa wa Kawajense waujaribu. Huyo ni Nyanzala, mama Machibya, mke wa mfugaji wa Kisukuma.

Nyanzala akaokota kadi, akasoma: "Ng'ombe wamekula mahindi ya jirani. Rudi mwanzo." Akaokota nyingine, ng'ombe tena. Akaiweka chini taratibu.

"Mwalimu, mbona humu ng'ombe wetu ni wezi tu? Hawalimi? Hawatoi maziwa?"

"Ni mchezo tu, mama Machibya."

"Basi chezeni nyie wenyewe."

Akaaga, akaondoka. Maneno yale yalimkaa Natalia rohoni. Yeye ni Mpimbwe, mtoto wa wakulima. Kumbe alikuwa ameandika manung'uniko ya baba yake dhidi ya wafugaji pasipo kujijua. Asubuhi alimfuata Nyanzala kwake, mkononi kadi tupu na kalamu.

"Nisamehe. Tutunge wote."

Nyanzala alimtazama, kisha akacheka. "Haya, andika: jirani kakuazima maksai, songa mbele. Andika na hii: mmelima njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni. Kaeni mzungumze, wote msubiri zamu moja."

Mchezo ulitoka na majina yao mawili juu ya boksi. Uliuzwa polepole, shuleni Kasokola na hata kwenye minada ya mifugo. Mwaka 1998 chuo kile cha ualimu kikamwita tena Natalia akafundishe kwa michezo. Akawajibu atakuja, ila na mwenzake.