Nilivyowauliza Watu wa Sinema Walilala Wapi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, chekeni sasa mmalize, maana mimi siku ile sikucheka. Shule yangu iliishia pale mtoto anapojua kuandika jina lake, kwa hiyo nitasema wazi: niliaibika mbele ya watu wa mji wetu wa Koboko, na aliyeniaibisha ni mdomo wangu.

Mjukuu wangu Zaitun alitengeneza sinema na wenzake wa Arua, kwa kamera ya kuazima na gari bovu la mjomba wa mtu. Ni habari ya mke na mume wanaotoka Arua kuja Koboko kwa wazazi wa mke, wanagombana njia nzima, gari linazimika, mume hataki kuuliza njia (na barabara yenyewe ni moja!), wanalala kwa watu, asubuhi wanapatana. Zaitun ndiye mke. Baba yake, mwanangu Juma, aliyekuwa mwanajeshi, alishamwambia, "Nikisikia neno moja baya juu yako, hiyo kamera basi." Mtoto aliliogopa neno hilo kuliko njaa.

Ikaonyeshwa kwenye kibanda cha video mjini, watu wamejaa mpaka mlangoni. Ilipoisha, Drani, kijana aliyekuwa mume kwenye sinema, akapitisha maiki ili watu watoe maoni. Mama mmoja wa Sudan Kusini, muuza samaki wakavu, akasema, "Huyu bwana iko kama yangu kabisa, kichwa mawe." Shabiki mmoja wa timu ya Onduparaka akalalamika kwamba mpira haukuonekana hata kidogo. Mwingine akapiga kelele, "Sauti mbaya! Pale wanalala, kuku iko naongea kushinda bwana!" Watu wakacheka, Zaitun naye akacheka, mambo yalikuwa mazuri, na mimi ningekaa kimya (mguu uliniuma, sababu ya kukaa nilikuwa nayo), lakini maiki ikapita mbele yangu nikaishika.

Nilikuwa nimechemka tangu nilipoona wawili wale wanaingia chumba kimoja, taa inazimwa, hata sikusikia tena kilichoendelea. Kwetu binti akirudi na mwanamume ambaye nyumba haijampokea, shangazi na bibi humuuliza swali moja, tena chumbani, kwa sauti ya chini. Mimi nililiuliza kwa maiki.

"Wewe Drani, usiku ule ulilala wapi na mtoto wangu?"

Watu wote wakageuka kumtazama Drani.

"Haboba, ile mchezo tu," akasema, akiniita bibi kwa heshima.

"Na usiku nao iko mchezo?" nikamjibu, nikajiona hodari.

Huko nyuma mtu akapiga mluzi. Juma akasimama, kwa sauti ya kambini: "Zaitun. Jibu bibi yako." Hapo ndipo nilipomwona mtoto, machozi yanateremka, nikajua lile neno baya nimemletea mimi.

Zaitun akasimama. Alimwambia mwenye kibanda, "Rudisha pale pa kulala." Picha ikarudi, giza, kitanda, mume anakoroma, na nje ya ukuta sauti ya mwanamke mzee, wazi kabisa: "Toka wewe, kuku mshenzi! Watoto iko kazi ndani!"

Ilikuwa sauti yangu. Na nyumba ni yangu, gizani sikuitambua! Walikuja mchana, wakaziba dirisha kwa blanketi la jeshi la marehemu mume wangu, chumba kimejaa wenye kamera na wenye taa, na mimi nimekaa mlangoni namenya muhogo, nafukuza kuku. Kumbe usiku uliokuwa unanichoma moyo niliulinda mwenyewe, jua likinipiga kichwani.

Kicheko kile, muuza samaki alishika mbavu! Ningetoka, lakini Juma alikuwa bado amesimama, nikaishika maiki tena. "Mlinzi nilikuwa mimi. Nilikaa mlangoni mpaka wakamaliza. Mtoto iko safi, mjinga ni mimi."

Juma akakaa. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko, na Zaitun akajifuta uso kwa ncha ya kitenge changu.

Tulipofika nyumbani niliwaita wote uani, nikaamuru: Zaitun akija na kamera, kuku wafungwe, muhogo umenywe na mtu mwingine, mimi niketishwe ndani nione kwa macho yangu, na maiki isipite karibu na mkono wangu.