Mablanketi Niliyoyahesabu

Bibi yangu mzaa mama, kule Kisarawe nilikokulia, hakupenda kuulizwa ana wajukuu wangapi. Ukimuuliza anakujibu, "Wapo." Ukikazana anakwambia, "Wapo kama unavyowaona, Mungu awaweke." Kwa wazee wetu wa Kizaramo mtu hahesabiwi kama kuku. Ukihesabu watoto umemwonyesha mwenye husuda pa kuchukulia.

Siku moja balozi wa nyumba kumi alikuja kuandika watu. Bibi alikuwa anamenya mihogo.

"Mama, hapa mko wangapi?"

"Tupo."

"Tupo ni wangapi?"

"Kwani wewe mgeni hapa? Hutuoni?"

Balozi hakubishana. Alizunguka nyuma ya nyumba penye kichanja cha vyombo, akahesabu sahani zilizoanikwa, akaandika, akaaga. Mimi nilikuwa nimejikunyata pale natafuna muhogo mbichi, nikamwona. Nikajua kumbe mtu akikunyima hesabu, vyombo vyake vinaweza kukupa. Neno hilo lilinifaa miaka mingi kazini, halafu likaja kuniumbua uzeeni. Ndilo ninalotaka kuwaeleza, ninyi vijana mnaoajiriwa siku hizi kwenye vituo vya afya, ila nianzie mwanzo.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. La tano nililiona kwa dirishani tu. Nilipokwenda kuomba kazi ya uhudumu wa hospitali, siku ya kwanza niliingizwa kwa Mganga Mkuu wa pale, mtu mrefu mwenye miwani minene.

"Kusoma unajua?"

"Kidogo, mheshimiwa."

"Kuandika?"

"Jina langu."

"Na kuhesabu?"

"Kuhesabu najua mpaka mwisho."

Akainua uso. "Mwisho ni wapi?"

"Vitu vikiisha."

Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani, akanikabidhi ndoo na dekio. Nikawa mhudumu. Mhudumu ndiye anayepiga deki, anayesukuma machela, anayechemsha vyombo vya kushonea vidonda, na anayeosha maiti isiyo na ndugu. Daktari anahamishwa, nesi anahamishwa, mhudumu yupo tu. Ile dawa ya kuulia vijidudu iliniingia mwilini hata siku ya harusi yangu wifi zake mke wangu walisema bwana harusi ananuka wodi. Lakini tuyaache hayo.

Baadaye nilipelekwa Kibaha. Kipindupindu kilipoingia nikawekwa chini ya Bwana Afya, yaani yule ofisa anayeshughulika na vyoo, maji na magonjwa ya mlipuko. Kazi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaharisha. Kila nyumba jibu moja: hapa hakuna mgonjwa. Watu waliogopa kupelekwa kambini, wakaona ni heri wamfiche mtu wao chumbani na uji wake. Bwana Afya akawa anarudi ofisini na karatasi tupu, na makaburi yanachimbwa.

Mimi nikakumbuka kichanja cha bibi. Kwetu kikombe cha mgonjwa hakichanganywi na vya wazima. Kinaoshwa peke yake na kufunikwa pembeni. Basi nikawa nasalimia mlangoni, naomba maji ya kunywa, jicho langu liko nyuma kwenye vyombo. Vikombe viwili pembeni, wagonjwa wawili. Nikamnong'oneza Bwana Afya, akabisha hodi upya kwa upole na maji yake ya chumvi na sukari, na kweli tukawakuta. Jioni ile aliniambia mbele ya watu wote, "Wewe hukusoma, lakini una macho."

Maneno hayo niliyala na kuyanywa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mkuu mpya aliyekuja nilihakikisha anayasikia.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Dutumi, vijijini kabisa. Hapo ndipo korona ilipotukuta. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa binti wa Kihaya wa umri wa mwanangu. Asubuhi ananiamkia shikamoo, namjibu marahaba, ndipo ananipa amri. Maabara alikuwapo Masanja, Msukuma, mtani wangu. Kupima korona hatukuweza pale kituoni. Masanja alikuwa anaingiza kijiti chenye pamba puani mpaka macho yanakutoka machozi, anakitia kwenye kichupa, kichupa kwenye kasha la barafu, kasha linapelekwa mjini. Majibu yanarudi baada ya siku nyingi, mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Na vijiti vyenyewe vilikuwa vichache.

Kwa hiyo hakuna aliyejua wagonjwa ni wangapi, na asiyejua ndiye anayesema sana. Pale kwenye mashine ya kusaga, kina mama wanasubiri unga wao, wanaume wanabishana. Saidi kinyozi yeye alisema hakuna ugonjwa. "Ni mafua yaleyale ya kila mwaka, yamepewa jina la kizungu ili tuogope." Mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu Mstaafu akamjibu, "Wewe endelea kunyoa. Watu wanapukutika na hatuambiwi." Saidi: "Wamepukutika wapi? Nionyeshe kaburi." Mwalimu: "Usipopima utamwona nani?" Saidi: "Na ukipima wenye mafua wote utampata nani mzima?" Kila mmoja ana simu, kila simu ina maneno yake.

Mimi nikaona hapa panahitaji mtu mwenye macho.

Wakati ule, mnakumbuka, watu walikuwa wanajifukiza. Sufuria la mchaichai, majani ya mpera na mkaratusi linachemshwa, mtu anajifunika blanketi gubigubi juu yake mpaka atoke jasho. Nyungu, ndivyo tulivyoiita. Ukimaliza, blanketi lililolowa linaanikwa uani. Nikasema, kikombe cha mgonjwa kimekuwa blanketi. Nikapita kijiji kizima siku mbili, kila blanketi lenye harufu ya mkaratusi navunja kijiti natia mfukoni. Nilipovimwaga mezani vijiti vilizidi mia.

Ningempelekea Mfawidhi kwanza, yasingetokea yaliyotokea. Lakini njia ilipita kwenye mashine. Nikawaambia kwa sauti ya Bwana Afya, "Ninyi mnabishana bure. Wagonjwa ni mia na zaidi. Nimehesabu mwenyewe."

Mwalimu Mstaafu akapiga goti lake. Nilikwenda nyumbani nimevimba kichwa. Kabla jua halijazama ile mia ilikuwa imefika kijiji cha pili, nayo huko ikawa mia tatu, na wote wamelazwa kituoni kwetu.

Keshokutwa yake ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito. Mabenchi yalikuwa matupu. Niliyapangusa, nikayapangusa tena.

Mfawidhi alitoka na daftari lake. "Mzee wangu, Mwajuma yuko wapi?"

Mwajuma ni mtoto wa dada yangu. Alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, presha inapanda. Mfawidhi alishatuambia kwamba akikosa kupimwa hata wiki moja anaweza kupata kifafa cha mimba, na kifafa hicho kinachukua mama na mtoto pamoja. Yeye ndiye aliyewekewa duara jekundu kwenye daftari.

"Hajaja," nikasema.

"Hakuna aliyekuja. Kuna mtu amewaambia tumelaza mia tatu. Nani huyo?"

Nikasema, "Mimi nilisema mia tu."

Nikamweleza habari ya mablanketi. Masanja alikuwa anasikiliza mlangoni mwa maabara. Akasema, "Mzaramo, mimi jana nimejifukiza, na hata chafya sina. Mke wangu kaniambia niingie nikaingia. Kwenye hesabu yako nimo?"

"Nyumba yako ina blanketi moja."

"Basi nimo. Nipe pole. Na kwako je?"

Kwangu nilivunja vijiti viwili. Mke wangu alikuwa ananifukiza kila jioni, na blanketi langu lilikuwa kwenye kamba mbele ya macho yangu, nikalihesabu. Mimi mwenyewe, niliyekuwa siumwi hata jino. Kikombe cha uji wakati wa kipindupindu kilikuwa cha mgonjwa peke yake. Nyungu walikuwa wanaingia wazima kuliko wagonjwa, kwa kujikinga. Nilichohesabu ni hofu ya watu, nikaiita ugonjwa.

Mfawidhi hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alivuta kiti akaniambia, "Baba, kukutwa na kirusi ni jambo moja. Kuumwa ni jingine. Kuzidiwa ni jingine kabisa. Mimi sina vijiti vya pua vya kutosha kijiji kizima, lakini aliyezidiwa naweza kumtafuta. Wewe unajua kila mlango. Twende."

Tukapita nyumba kwa nyumba, safari hii tunaingia. Yeye ana kidude kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu, mimi nauliza maswali. Sikuuliza mko wangapi, wala nani anaumwa. Nilikuwa nauliza, "Humu nani akienda chooni anapumzika njiani?" Swali hilo watu walilijibu. Si aibu kusema baba leo amekaa njiani mara mbili.

Tukawapata watatu. Kijiji chote, waliokuwa wanagombea pumzi walikuwa watatu. Wengine walikohoa wakapona, wengine walikuwa wanalima. Watatu wale walipelekwa Kibaha kwenye mitungi ya hewa. Wawili walirudi. Mmoja, fundi baiskeli aliyenitengenezea baiskeli yangu tangu nifike, hakurudi. Nalisema hilo kwa sababu Saidi akisikia watatu tu atasema si nilisema. Na majibu ya vijiti yalipokuja kutoka mjini, mmoja aliyekutwa na korona alikuwa juu ya mnazi anaangua nazi, akauliza kutoka hukohuko juu kama ashuke.

Lakini hayo ya mbele. Siku ile tulipomaliza nilikwenda kwanza kwenye mashine ya kusaga. Nikaomba mwenye mashine aizime. Nikasema, "Ile mia nilihesabu mablanketi. Na langu limo, na la mke wangu. Nilikosea."

Wakacheka, kina mama hasa. Mmoja akasema, "Kwa hiyo mzee ulijiandika mgonjwa na mkeo juu?" Saidi akasimama kitini. "Si nilisema? Hakuna kitu."

Nikamwambia, "Wapo watatu, Saidi. Fundi baiskeli ni mmoja wao. Ameshindwa kumaliza jina langu kwa pumzi moja. Nenda kamwone anavyopakiwa, halafu uje useme hakuna."

Alikwenda. Tangu siku hiyo alinyoa amefunga kitambaa mdomoni. Mwalimu Mstaafu naye alinifuata pembeni akasema, "Mzee, ulitupa sote tulichotaka kusikia." Sijapata kuambiwa neno la kweli kuliko hilo.

Halafu nikaenda kwa Mwajuma, ambako mchana tulikuta mlango umefungwa. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, miguu kama mihogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Twende kituoni."

"Mjomba, si wewe uliyesema wapo mia?"

"Ni mimi. Nilisema uongo bila kujua."

"Na leo unasema kweli kwa kujua?"

Nikamweleza yote, mpaka vijiti viwili vya nyumbani kwangu. Akacheka kidogo, akajishika kichwa. "Kichwa kinaniuma tangu jana," akasema. "Naona kama nzi wanaruka mbele ya macho."

Sikuwa nimesoma, lakini hilo nililijua. Nikamwambia, "Siwezi kukuapia kwamba pale hakuna korona. Najua wagonjwa wako chumba cha nyuma, na ninyi wajawazito mtapimwa nje chini ya turubai, nimelifunga mwenyewe. Hilo nimeliona, sikulihesabu."

Kisha akanyoosha mkono nimwinue.

Presha yake ilikuwa juu hata Mfawidhi akapima mara mbili. Gari la wagonjwa likarudi, likamchukua kwenda Kibaha usiku uleule. Usiku kucha nilipiga deki sakafu iliyokuwa safi. Kulipopambazuka simu ya Masanja ikalia. Akasikiliza, akaniangalia kwa ule uso wake wa utani, akasema, "Mzaramo, umeongezewa mtu."

Mtoto wa kike, na mama mzima. Wiki iliyofuata mabenchi ya kliniki yalijaa hadi tukaazima mikeka msikitini.

Nimestaafu sasa. Vijana wanaokuja kunisalimia huniuliza, mzee, ile korona ilikuwa kubwa au ndogo? Nawaambia, kwa fundi baiskeli ilikuwa kubwa. Naona mambo yatakuwa mazuri kuliko zamani. Vipimo vimesogea karibu, na ninyi mmesoma. Ila mkipewa idadi, ulizeni kwanza mwenye kuhesabu alihesabu nini. Na mkikosea, nendeni mkaseme palepale mlipokosea. Mashine izimwe.

Siku ya kuniaga walipika pilau, wakaniweka kiti cha mbele chenye kitambaa. Mfawidhi alisema maneno mazuri. Kisha akaja kijana mgeni wa takwimu kutoka mjini, akanipa kipaza sauti. "Mzee wetu atuambie, katika utumishi wake wote amehudumia watu wangapi?"

Wote wakanitazama. Nyuma kabisa alikuwa Mwajuma, binti yake amesimama mapajani mwake anapiga makofi bila sababu. Ningeweza kutaja namba, wangeshangilia.

Nikasema, "Wapo."

"Wapo wangapi, mzee?"

Nikamrudishia kipaza sauti chake, nikamwambia anisubiri kidogo. Nilipita nyuma penye ndoo, nikaliegemeza dekio langu ukutani, nikashika njia ya nyumbani. Nasikia walinisubiri mpaka pilau likapoa. Sijarudi tena.