Maji ya kisima yalivyomchafulia jina fundi wa kompyuta Thika

Saa tatu asubuhi, mtaani Landless, Thika. Kaluki Kimanzi amepiga magoti kando ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu. Anakunja vipande vya tishu na kuvizungushia kila kiungo cha mirija inayopitisha maji ya kupoza mtambo. Umeme haujaunganishwa popote isipokuwa kwenye pampu.

"Tishu ikilowa hata kidogo, najua mahali pa kukaza," anasema bila kuinua macho. "Stima haijafika kwa board, kwa hivyo hakuna kitu itaungua. Lakini inakaa hivi mpaka kesho saa hii. Mwenye haraka aende kwingine."

Ana haki ya kuwa mkali.

Kaluki, 34, mzaliwa wa Matuu, ameifanya kazi hii kwa miaka tisa. Wateja wake ni wanafunzi wa Juja na wahariri wa video wanaojiundia kompyuta zenye nguvu, ambazo feni pekee haziwezi kuzipoza.

Mwezi Machi, Ndegwa, mhariri wa video za harusi anayeishi Kamakis, alimletea yake aiwekee mirija ya maji. Majaribio ya saa ishirini na nne yalipofikisha saa mbili tu, akaitaka kompyuta yake.

"Nikamwambia, 'Ndegwa, hewa bado iko kwa pipe. Ikitoka, maji itashuka, na ni mimi nitaongeza.' Akaniambia, 'Madam, wacha mambo mingi, si inafanya?' Akabeba."

Wiki tatu baadaye maji yalivuja, yakaunguza kadi ya picha, yaani graphics card. Ndegwa aliweka picha ya kadi hiyo, pamoja na nambari ya simu ya Kaluki, katika kundi la WhatsApp lenye wahariri zaidi ya mia mbili. Aliandika: "Msipeleke machine kwa huyu mama. Arudi kupika muthokoi," yaani chakula cha mahindi cha Wakamba, watu wa kwao Kaluki.

Walicheka. Watu wazima, wengine wao wateja wa Kaluki wa miaka mingi, walicheka, na hakuna hata mmoja aliyempigia simu kumuuliza kilichotokea.

Inaudhi. Fundi mwanamume akiharibu, huambiwa ni bahati mbaya. Huyu hakuharibu chochote, na bado alirudishwa jikoni. Kazi zilizokuwa nne kwa wiki zikabaki moja.

"Nililia," anakiri. "Pesa hutafutwa. Jina nalo unalitafuta wapi?"

Ukweli ulifichuliwa na fundi mwingine, Zacharia wa Ruiru, ambaye Ndegwa alimpelekea kompyuta hiyo. Alipokata mrija alikuta ukoko mweupe ndani, kama ule wa birika la chai.

"Hiyo si maji ya Kaluki," Zacharia anasema. "Yeye hutumia ile spesheli, haiachi kitu. Hii ni ya borehole, nikajua mara moja. Nikamuuliza Ndegwa, akakubali ni yeye aliongeza."

Maji yalikuwa yameshuka, kama Kaluki alivyomwonya. Badala ya kupiga simu, Ndegwa alifungua tangi dogo la maji ya kupoza kwa koleo, akajaza maji ya mfereji wa ploti anakoishi, yanayotoka kisimani, akarudisha kifuniko bila kukikaza. Hapo ndipo palipovuja.

Kwa simu, Ndegwa hakukana. "Ni ukweli niliongeza maji. Lakini si nilishamtumia sorry?"

Alimtumia kweli, faraghani, neno hilo moja. Tusi lake bado liko kwenye kundi, na hakuna aliyelipinga.

Jumamosi hii wahariri hao wanakutana Kamakis kula nyama. Kaluki hajaalikwa. Amemwomba Zacharia kile kipande cha mrija chenye ukoko, na anasema atakwenda.

"Akiandika ukweli kwa group kabla ya Jumamosi, sawa, nitabaki nyumbani," anasema. "Asipoandika, nitaweka hiyo pipe katikati ya hiyo nyama yao, na niwaulize mmoja mmoja: kabla ya kucheka, nani aliniuliza?"